Kwa Harithi, Mjomba Asiyefunga Mlango

Mwaka umekatika sasa, Harithi Mnunduma, tangu utoke kwenda kuswali alasiri ukamwambia mkeo asikufunikie chai kwa kuwa hutakawia. Alikufunikia. Alishakaa nawe miaka mingi, alijua neno "sikawii" likitoka kinywani mwako lina maana gani. Siku ile ulirudishwa na watu, moyo umesimama pale pale msikitini, na chai ile ikabaki kwenye meza ya mgahawa siku mbili nzima, hakuna aliyethubutu kuimwaga.

Kumbukumbu hii tunaiandika jikoni. Mwanao Swaumu ndiye mwenye kalamu, maana ni mwalimu huko Nandagala na mwandiko wake unasomeka. Mkeo Mwamina amekaa kwenye kigoda anapeta mchele wa hitima. Dada yako Zuleha ametoka Narung'ombe jana, yupo kwenye mkeka, anamenya vitunguu na kukusema. Swaumu alianza kama wanavyoanza wengine: marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mwenye subira. Mwamina akanyanyua uso kutoka kwenye ungo.

"Futa subira," alisema. "Subira nilikuwa nayo mimi. Yeye alikuwa na watoto."

Tumefuta.

Ulikuwa na mgahawa wa chapati na supu karibu na stendi ya Nachingwea, na hapo ndipo matatizo yetu yote yalipoanzia. Mtu mwingine angeuza supu yake, akafunga, akalala. Wewe ukaona watoto. Walikuwa wakilala sokoni juu ya meza za nyanya, mmoja ametoroka mama wa kambo, mwingine aliachwa na wakubwa waliokwenda kuchuma korosho mbali na wasirudi. Ukawaambia waoshe sahani wapate kula. Sahani zenyewe hatukuwa nazo nyingi kiasi hicho. Zilikuwepo siku watoto watano walishika sahani moja wakaisugua mpaka ua lililochorwa katikati likafutika, na wote watano wakala.

Wa kwanza alikuwa Bilali. Alikuja hajui mwaka aliozaliwa wala mama yake yuko wapi. Alijua jina lake na namna ya kuruka ukuta. Baada yake wakaja wengine, wa kike na wa kiume, mpaka wateja wakawa wanakula wamesimama. Goreti alikuja na rozari shingoni na hakuna kingine. Kila Jumapili ulimpakia kwenye baiskeli ukampeleka misa, ukamngoja nje ya kanisa, baragashia kichwani, unapiga soga na mlinzi. Tuliona ni jambo zuri, tukakusifu, hadi tuliposikia kwamba padre naye ulishamwomba magodoro.

Nyuma ya mgahawa kuna kiwanja cha ukoo wa mama yako. Hapo ukajenga vyumba vinne vya tofali za kuchoma, ukaweka mlango wa bati unaotazama upande wa stendi, na mlango ule hukuufunga hata siku moja. Ulisema mtoto akija giza limeingia akakuta komeo, hatarudi tena kubisha. Maneno matamu, na kila aliyeyasikia aliyasifu. Waliosifu hawakuwa wao wenye unga. Kuku wa jirani waliingia wakaoga kwenye beseni la unga wa Mwamina. Mbuzi aliingia akatafuna shati lako la Idi. Mlevi mmoja aliingia akalala kwenye mkeka wa jikoni, asubuhi akaamka akaomba chai, na wewe ukampa.

Ndivyo majirani walivyolijua jina lako. Kwa amani Mwamina alikuita Baba Swaumu. Harithi tupu, bila baba mbele yake, lilikuwa jina la hasira. "Harithi! Mlango!" Lilisikika mpaka kwenye mabasi ya Masasi. Walikuwepo makondakta waliodhani hiyo ndiyo salamu ya nyumba hii.

Na wewe ulikuwa unajibu "Naam!" kwa sauti ya mtu aliyeitiwa karamu. Hilo nalo lilimchosha.

Watoto hawakukuita baba, kwa sababu uliwakataza. Ulisema kila mtoto ana baba yake, hata kama baba huyo ni mpuuzi. Ukawaambia wakuite Mjomba. Asiyekuwa wa huku hawezi kujua ulituingiza wapi. Kwetu ukoo unafuata tumbo la mama. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Ndiye anayeulizwa mtoto akitaka kuoa, akiugua, akiiba mahindi ya watu. Na mjomba akifa, mpwa wake ndiye anayekaa pale alipokuwa amekaa, na jina lake akalichukua. Neno zito namna hiyo wewe uliligawa kama pipi, na kila aliyeingia mlango wa bati alipewa.

Kulisha watoto hao kulikufanya mwombaji asiye na haya. Msimu wa ufuta ulisimama nje ya ghala siku ya malipo, unatabasamu, na wakulima wakawa wanatokea mlango wa pili. Ukialikwa harusini ukapewa kipaza sauti uwasalimie maharusi, ulisalimia, kisha ukaeleza habari za viatu vya shule. Mwisho watu wa Nachingwea wakajifunza kumwalika Mwamina peke yake, na Mwamina alijibu kwamba haendi, maana alijua aibu imekwenda mbele yake.

Ndipo wakaja wafadhili. Lilikuwa shirika la Dar es Salaam linalosaidia watoto wa mitaani wapate shule na makazi, na mtu wao alikuwa Alfred, kijana mpole mwenye miwani, aliyekuwa akija kila muhula akiwa na maji yake mwenyewe ya kunywa. Alilipa ada. Akaleta sare na madaftari, akaleta na chakula. Kwa mara ya kwanza tangu umwoe, Mwamina alinunua unga wa mgahawa ukabaki kuwa wa mgahawa. Alianza kulala mchana Jumapili. Hatukuwahi kumwona Mwamina amelala mchana, na tulimpita kwa kunyata.

Raha hiyo haikudumu, na aliyeiondoa ni wewe.

Bilali alishakuwa mtu mzima, fundi wa kuchomelea pale Ruangwa mjini, anatengeneza mageti na vitanda vya chuma. Akampenda Hadija, binti wa watu wa Nandagala. Akaenda kujieleza kwao, na swali la kwanza wakamuuliza mjomba wake nani. Akakutaja. Wakamuuliza mjomba huyo alisimama naye jando la wapi. Bilali akaaga. Kutahiriwa alitahiriwa hospitali kama wenzake. Lakini ngoma, mafunzo, na ile siku ya kutokea mbele za watu mtoto anapoitwa kwa jina la mjomba wake, hakuna hata mmoja kati ya watoto wako wa kiume aliyepitia. Bilali alirudi Nachingwea akakaa nyuma ya mgahawa, hakula. Ulimwona tu, ukapata wazo, na sisi tukikuona umepata wazo huwa tunaanza kuomba Mungu.

Likizo ya Juni ukalichukua fungu ambalo shirika lilileta kwa ajili ya masomo ya ziada. Ukanunua mchele na mafuta ya kupikia, na mashati meupe ya kutokea. Ukawapeleka watoto wote wa kiume jandoni Narung'ombe, na Bilali na ndevu zake katikati yao. Mwamina alikwambia usiende. Alikwambia asubuhi, akakwambia mchana, akakwambia ukiwa umeshapanda gari. Ulimwambia hukawii.

Alfred akaja wiki hiyohiyo bila taarifa. Akakuta vitanda vitupu.

"Mama, watoto wako wapi?"

"Jandoni," Mwamina alijibu.

"Wote?"

"Wa kiume wote. Na fundi mmoja wa kuchomelea."

Alfred alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akaangalia vitanda upya. Uliporudi alikuwa bado anakungoja, na mbele ya mkeo ukamwambia kijana wa watu kwamba fungu la masomo umelitumia kwa masomo, tena kule wanafundishwa mchana na usiku, na shule gani nyingine inafundisha mchana na usiku.

"Mzee Harithi," alisema taratibu, "mimi nitaandika nini?"

"Bwana Alfred, ukifika kijiji cha watu wakakuuliza wewe ni wa nani, unawajibuje?"

"Ninasema ninatoka kwenye shirika."

"Basi hawa hawana shirika," ukamwambia. "Mimi nimewatafutia."

Ulijiona umesema. Mwamina aliingia jikoni akapiga sufuria chini, na muhula uliofuata msaada ulisitishwa.

Ya Narung'ombe yenyewe Zuleha anataka yaandikwe yote, kwa sababu yeye ndiye aliyeumia. Siku ya kutoka, wari, yaani vijana wa jando, wamepangwa, wamepakwa mafuta wanang'aa. Mzee Amiri, mkubwa wa ukoo wenu, anapita kwa kila mmoja anauliza mjomba wake asimame. Wakafika kwa watoto wako. Wa kwanza, ukasimama. Wa pili, ukasimama. Wa tatu hukukaa tena. Watoto tisa, mjomba mmoja. Mtu mmoja akapasua kicheko akauliza, "Harithi, kwani una madada wangapi?"

"Mmoja," ukajibu.

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Zuleha, aliyekuwa kwenye sufuria la wali, mwiko mkononi. Zuleha amezaa mtoto mmoja tu maishani mwake, Huzaifa, na uzazi huo ulimtesa, jambo ambalo kila mtu Narung'ombe analijua.

"Kaka!" alipiga kelele. "Umenizalisha watoto tisa mbele za watu na hata kiuno hakijaniuma!"

Watu walicheka mpaka ngoma ikakosea. Wewe ulipeleka kuku wa mjomba kwa Mzee Amiri, jogoo mwekundu, kama desturi inavyotaka, akampokea. Zuleha ulimwahidi kanga, moja kwa kila mtoto ambaye hakumzaa. Ukaleta moja. Nyingine ukasema zinakuja, na mwezi wa nane, mikorosho inaanza maua, ukaenda kuswali alasiri.

"Nane zimebaki," anasema Zuleha kutoka kwenye mkeka. "Liandikwe."

Limeandikwa.

Watu waliokuja kukuzika hatukujua wanatoka wapi. Makondakta walifunga mabasi. Padre alisimama nyuma na mlinzi wa kanisa. Watoto walipanga mstari bila kuambiwa, kama wanaosubiri sahani. Tuliona fahari, ndiyo, tusikunyime. Lakini fahari haikupika uji wa kesho yake, na kesho yake Mwamina aliamka na watoto wote wale, msaada umesimama, na mume aliyesababisha usimame yuko chini ya udongo ambako hawezi kugombezwa. Aliuza cherehani yake. Alipika chapati tangu adhana ya alfajiri, kiwiko kikavimba. Alikuwa akifunga ule mlango wa bati kila jioni, kwa hasira, na asubuhi kila siku akaukuta wazi. Watoto walikuwa wanaufungua.

Baada ya arobaini Alfred akarudi. Hakuwa mtu mbaya, na Mwamina anataka hilo lisomwe. Alisema amewatetea kwa wakubwa wake, na wamekubali kurudisha msaada kwa masharti mawili. La kwanza, nyuma pawe na geti lenye komeo, kwa usalama wa watoto. La pili, apatikane mtu mmoja wa familia mwenye haki juu ya kiwanja, awe msimamizi, anayejulikana na anayejibu maswali. Ukitimia mwaka hajapatikana, watoto watagawanywa kwenye vituo vingine, huyu Lindi, yule Mtwara, mwingine Dar es Salaam.

"Si mama yupo?" Alfred aliuliza.

"Mama ni wa Nambambo, ukoo mwingine," Mzee Amiri alimjibu. "Kiwanja ni cha tumbo la mama yake Harithi. Swaumu naye amefuata tumbo la mama yake. Hapa anatakiwa mpwa."

"Na mpwa yupo?"

Hapo kila mtu akaangalia simu yake.

Watoto walisikia yote kupitia dirishani. Kesho yake wawili kati yao walionekana stendi wakichungulia mabasi, na Goreti alikunja nguo zake akazifunga kwenye kitenge, akakaa juu ya furushi, hataki kwenda shule. Mwamina alimkuta hapo mchana. Alimwambia asimame akaoshe sahani, hakuna anayekwenda popote, kisha akaingia chooni akakaa huko muda mrefu, kwa sababu hakujua kama alichomwambia mtoto ni kweli.

Mpwa wako wa damu ni mmoja, na yupo Dar es Salaam. Tulimpigia Huzaifa mwaka mzima. Mara yuko kwenye kelele, mara mtandao mbovu, mara atatupigia. Mwaka ulipokaribia tukakaa kikao hapa mgahawani, Mzee Amiri kwenye kiti chako, na simu ya Swaumu katikati ya meza imewekwa sauti ya wote.

"Shikamooni wakubwa," alisema Huzaifa. "Jamani, mi' huko siji. Niko kwenye mishe zangu, nakomaa na mji. Uzeni hicho kiwanja tugawane, hao madogo wafadhili wawachukue. Mjomba mwenyewe alijitakia."

"Huzaifa," Mwamina alimwambia, "Mjomba wako alikusomesha."

"Najua, mama. Lakini mi' sio wa kulea watoto wa watu."

Mzee Amiri alishusha pumzi, akakunja mikono yake. Mpwa amekataa, alisema, na mpwa mwingine hayupo, kwa hiyo kikao kimekwisha, tumshukuru Mungu kwa yote. Alishaanza kuvaa kandambili. Mwamina alikuwa amesimama mlangoni na beseni la unga, uso hauna rangi, na nyuma yake watoto wamejipanga ukutani.

Zuleha hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Sisi tulidhani anamlilia mwanawe. Kumbe alikuwa anapandisha hasira.

"Nani kakwambia hakuna mpwa mwingine?" alimuuliza Mzee Amiri.

"Wewe umezaa wangapi, Zuleha?"

"Usiniulize nimezaa wangapi. Siku ile ya kutoka, kaka yangu alisimama au hakusimama?"

"Alisimama."

"Watoto tisa, mbele yako. Ukaletewa jogoo. Ulimpokea?"

Mzee Amiri akaona anakopelekwa, akajaribu kukohoa.

"Nilimpokea."

"Yuko wapi?"

"Zuleha, jogoo ni wa mwaka jana..."

"Yuko wapi?"

"Nimemla," alisema Mzee Amiri.

"Basi!" Zuleha alipiga meza mpaka simu ikaruka. "Jogoo wa mjomba umemla, halafu unaniambia mjomba hana wapwa? Kama si wapwa wake ungemrudisha yule kuku mzima, na manyoya yake. Mimi nimechekwa Narung'ombe mwaka mzima. Nikipita kisimani wananiuliza hujambo mama tisa. Kama nimechekwa kwa ajili yao basi ni wangu, siwezi kuchekwa bure. Na huyo uliyemsikia kwenye simu, huyo aendelee na mishe zake. Nina wengine. Bilali! Njoo hapa, mwanangu."

Bilali alitoka nyuma, mikono ina masizi, hajui afanye nini na uso wake. Alisema ana kazi Ruangwa. Zuleha akamwambia chuma kipo hata Nachingwea. Mzee Amiri alikaa chini tena, akavua kandambili, akafikiri kwa kinyongo, mwisho akasema kwamba kwa kweli hawezi kupata pa kupingia, maana jogoo alikuwa mtamu na alimla pamoja na wazee wenzake. Swaumu akakata simu.

Ndivyo mwaka ulivyoishia. Bilali alihamishia mashine yake nyuma ya mgahawa, na Hadija, ambaye wazazi wake walishamkubalia baada ya jando, akaja naye kama mkewe. Bilali alichomelea geti zuri la chuma, na komeo la kutosha kufungia ghala, pale ulipokuwa mlango wako wa bati. Alfred akaja, akalivuta komeo mara tatu, akafurahi. Msaada umerudi, watoto hawagawanywi. Mwakani msaada tutauomba tena, na tumesikia Bilali, akipewa kipaza sauti harusini, ameanza kusalimia kwa namna tunayoifahamu.

Kinachotuudhi zaidi ya vyote, ndugu yetu, ni kwamba ulikuwa na haki. Tulikugombeza kwa jando lile mpaka siku unakufa, na ndilo lililookoa nyumba. Kama ulilijua hilo ungetuambia. Kama hukulijua, basi Mungu anawapenda watu wakaidi kuliko tulivyofundishwa.

Ijumaa iliyopita Mzee Amiri alimwekea Bilali jina lako, kwa unga na dua. Zamani mwenye kuchukua jina alichukua na mengine, mjane akiwemo, na mzee mmoja akaanza kumtania Mwamina. Mwamina akamwambia jina lichukuliwe, waume ameshachoka nao. Zuleha alilalamika kwamba asubuhi Bilali alikuwa mwanawe, na jina lilipomkaa jioni amekuwa kaka yake, na sasa hajui kanga zake amdai nani. Tulicheka sana, Mwamina hakucheka. Jina lile hakulitamka. Aliendelea kumwita Bilali, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sisi tukamwacha.

Juzi asubuhi Mwamina alichota unga, akaugeukia moto, na aliporudi kwenye beseni alikuta kuku watatu wa jirani wanaoga. Akaangalia geti. Lilikuwa wazi, komeo limening'inia, jipya, linang'aa. Kijana alilichomelea kwa mikono yake na hakulifunga.

"Harithi!" alipiga kelele, sauti ileile, mpaka kwenye mabasi. "Mlango!"

"Naam!" sauti ikajibu kutoka nyuma.

Makondakta stendi waligeuka wote. Mwamina alibaki amesimama, kuku mmoja mkononi, unga hadi kwenye viwiko. Siku ya mazishi hakulia, alikuwa na watu wa kulisha. Sasa alikaa kwenye kigoda akalia kwa hasira, akalia kwa uchovu wa mwaka mzima, akakulilia wewe, Harithi, huku amemkumbatia kuku wa watu, na Bilali alipofika mbio akiwa na miwani ya kuchomelea usoni hakujua aombe radhi kwa lipi. Akataka kwenda kufunga.

"Liache," Mwamina alimwambia.

Unakumbukwa na mkeo Mwamina, ambaye unga wake haujapona, mwanao Swaumu, dada yako Zuleha, mama wa kumi, anayekudai kanga nane, mpwa wako Huzaifa, ambaye ametuma mchele wa hitima na bado hajaja, wapwa zako wote tisa wa Narung'ombe, na Harithi mdogo akiwa mbele yao, Hadija mkewe, Goreti na wasichana wenzake, Mzee Amiri, na Alfred, aliyeomba jina lake liwemo. Hitima ni Ijumaa baada ya swala, nyuma ya mgahawa. Wageni wapite mlango wa nyuma, upo wazi.

Mungu akulaze pema, na huko uliko ukikuta mlango, tafadhali ufunge. Hapa kwetu daima utakumbukwa, maana kuku wakiingia hatuna jina jingine la kuita.